Machicha ya Harusi (9): Pete katika Beseni la Bluu

Najua mmenuna. Wiki nzima simu yangu haijapumzika, na msomaji mmoja wa Kilwa Masoko amenisema mpaka nikajuta kujua kuandika. Eti kwa nini nilimwacha Sada amechuchumaa uani kwa watu, asubuhi ya harusi, mkono umezama katika beseni la machicha na kiganjani ana pete ya dhahabu isiyo yake? Haya, tulieni. Yupo palepale, hajasogea.

Na ukelele wa Bi Amina bado unatoka chumbani.

"Pete! Jamani, pete ya bibi harusi haipo kidoleni!"

Bi Amina ndiye somo wa bibi harusi. Ni bibi wa miaka sabini na ushee, aliyepewa kazi ya kumweka Zuhura ndani siku saba, asionwe na jua wala na mtu. Akipiga kelele yeye, nyumba nzima inasimama.

Sada angeonyesha pete palepale, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mtu akishtuka hufanya upumbavu. Sada akaufumba mkono.

Na Bi Hafsa, mama wa bibi harusi, akamwona anavyoufumba.

"Fumbua."

"Bi Hafsa, ngoja kwanza nikueleze..."

"Nimesema fumbua mkono, Sada!"

Mkono ukafumbuliwa. Pete ikang'aa, imejaa chembe nyeupe za nazi. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele na kumenya vitunguu wakaacha kila kitu, wakasogea.

"Nimeikuta humu," Sada akasema. "Kwenye machicha. Wallahi sijui imeingiaje."

"Machicha siku hizi yanachumbiwa?" Bi Hafsa akauliza.

Watu wakacheka. Halafu wakakumbuka kwamba wanatakiwa wakasirike, wakanyamaza.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema upesiupesi, maana wenzako wananisubiri. Ukishakuna nazi na kukamua tui, kinachobaki ni machicha, na machicha hapa Kilwa Kivinje hutupiwa kuku au hutupwa shimoni. Sada, mwanamke wa miaka thelathini na moja, ndiye mtu wa kwanza mtaani kuyaomba. Anayaanika, anayasaga, anayachekecha, anapata unga mweupe unaonukia. Kwa unga huo anaoka biskuti, na mimi mwenyewe nimezila nikajilamba vidole. Harusi ndiyo shamba lake. Harusi moja ya wali wa nazi ni nazi mia tatu, na nazi mia tatu ni mabeseni sita yaliyojaa.

Na leo ndiyo siku aliyoingoja kwa miezi minane. Saa sita na nusu mchana Monika, mwenye tanuri kubwa la mikate Lindi mjini, alikuwa anakuja na gari lake. Unga alishauonja, akaupenda. Kilichobaki ni kuona kwa macho.

"Nataka nikute machicha ya leo yapo juani," alisema kwenye simu. "Na nikiinama nisisikie uchachu. Nikikuta vichanja vitupu, au nikisikia uchachu, nageuza gari, na usinipigie tena."

Machicha haya yalikamuliwa alfajiri. Yakifika saa sita bado yamo kwenye mabeseni, yanachacha. Sasa ilikuwa saa tatu.

"Mimi siku zote nasema," akadakia mwanamke mmoja mwenye mwiko mkononi. "Huyu hana hata kifaranga. Machicha ya harusi za watu anayapeleka wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hilo ndilo swali lililokuwa linawawasha wote. Mwenye kuku akibeba machicha, hakuna anayemtazama mara mbili. Asiye na kuku, Kivinje nzima inakosa usingizi kwa ajili yake. Walikuwapo waliosema Sada anachukua nyota za mabibi harusi. Wengine walisema anapika pombe. Mmoja aliapa kwamba Sada anafuga chatu chini ya kitanda.

"Chatu anakula nazi?" Sada akauliza.

"Wewe ndiye unayemjua anachokula!"

"Jamani, naoka biskuti! Zile biskuti mlizokula jana kwenye hina ya Zuhura, mkazigombania mpaka sahani ikavunjika, mlidhani ni za nini? Ni machicha ya harusi ya mwezi uliopita!"

Mwanamke mmoja akatema mate. Mwingine akamnong'oneza Sada kama kuna zilizobaki.

Lakini Bi Hafsa hakutaka biskuti. "Unga hauibi pete," akasema. "Watu ndio wanaoiba. Mwiteni mwenyekiti."

Mwenyekiti wa mtaa hakuhitaji kuitwa. Mzee Bakary alikuwa yupo tangu saa moja, kibarazani, kwa sababu katika harusi vitumbua vya kwanza ndivyo vyenye tui. Akaja akijifuta mdomo, akaitazama pete, akayatazama mabeseni, akavaa miwani.

"Pete imekutwa ndani ya machicha," akatangaza. "Kwa hiyo machicha ni kidhibiti cha kesi. Yasiguswe na mtu mpaka jambo hili liishe."

"Yote sita?"

"Yote sita."

"Mzee wangu, shikamoo," Sada akasema, akijaribu kutabasamu.

"Marahaba, mwanangu."

"Hayo machicha yatachacha."

"Kidhibiti hakichachi," akasema Mzee Bakary, na akaagiza kikombe kingine cha chai.

Nje honi ikalia. Akaingia fundi Lukas, kijana wa Kimakonde kutoka Milola, mwenye mikono ya kuchomelea vyuma na mdomo usiojua kufunga. Yeye ndiye aliyemtengenezea Sada vichanja vya wavu vya kuanikia, na guta lake la magurudumu matatu ndilo linalobeba mizigo.

"Dada Sada! Jua linaita huko nje! Tunapakia au... Kuna nini? Mbona mmenuna wote?"

"Kuna kidhibiti," Sada akamwambia.

Lukas akaelezwa. Akakuna kichwa, akamgeukia mwenyekiti kwa heshima zote.

"Shikamoo Mzee. Mimi naona hivi. Tukakianike kidhibiti. Kidhibiti kikavu si kinatunzika vizuri zaidi?"

Mzee Bakary akafikiri. Nawaambia ukweli, alikuwa karibu kukubali. Kisha akakutana na macho ya Bi Hafsa.

"Kikae hapahapa!" akasema.

Sada akaambiwa akae kwenye mkeka, mbele ya mabeseni, wote wamwone. Saa tatu na nusu ikapita. Jua likapanda, likalifikia beseni la kwanza. Alitamani kulia. Miezi minane ya kubeba mabeseni kichwani, kusemwa, kuitwa Bibi Machicha mpaka sokoni, na sasa yote yataishia uani kwa watu kwa jina la mwizi. Jina hilo likishamganda, hakuna nyumba yenye harusi itakayomfungulia mlango wake wa uani. Hata Monika akija na magari kumi, hakutakuwa na cha kuanika.

Kwa hiyo akafanya kitu pekee anachokijua. Akayatazama machicha.

Ninyi mkiyaona machicha mnaona machicha tu. Sada anaona mikono ya watu. Kuna anayekamua kwa uvivu, machicha yanabaki na maji. Kuna anayekamua mara moja akachoka. Kuna mwenye kucha ndefu, anayaacha mabongebonge. Pete ilitoka katika beseni la bluu, na machicha ya beseni la bluu yalikuwa makavu ajabu. Aliyabana, hayakutoa hata tone. Huo ulikuwa mkono wa nguvu, na katika wakamuaji wote wa mtaa ule hakuwahi kukutana nao.

"Nani alikamua la bluu?" akauliza.

Wakaangaliana.

"Sisi tulikuwa wanne," akasema mwenye mwiko. "Mimi la kijani na hili jeupe..."

"Tulikuwa sita!" mwingine akamkata. "Umewasahau wale wawili pembeni, kule ambako taa haifiki? Wamejitanda kanga gubigubi. Mmoja mfupi, mmoja mrefu. Beseni la bluu lilikuwa lao."

"Si wageni wa Masoko wale, upande wa bwana harusi?"

"Wa Masoko wapi! Sisi tulidhani wa Mitole, upande wa mama."

"Yule mrefu hakusema neno hata moja. Nilimsalimia akatikisa kichwa."

Ndivyo harusi zetu zilivyo. Usiyemjua ni wa upande wa pili, na unampa nazi akamue.

"Basi nimeelewa!" Bi Hafsa akapiga kofi moja. "Yule mrefu ndiye mwenzake! Anaingia alfajiri, anaiba pete, anaificha kwenye machicha. Sada anakuja asubuhi kuibeba. Na sisi tunamchekea!"

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yaliingia akilini. Hata Lukas alimtazama Sada kidogo, halafu akaona haya.

"Kama una neno la kujitetea," akasema Bi Hafsa, "liseme sasa hivi."

Sada alikuwa ameinama juu ya beseni la bluu, kwa sababu jua lilikuwa limelifikia na alikuwa ameona kitu. Machicha yale hayakuwa meupe yote. Huku na kule, chembe zilikuwa na rangi ya embe bivu.

Hina.

Akajitazama mikono. Akawatazama wanawake wote waliomzunguka, mmoja baada ya mwingine. Mikono yao ilikuwa mitupu, kwa sababu hina ya wageni ilikuwa ipakwe leo baada ya chakula. Jana jioni alipakwa mtu mmoja tu katika nyumba ile.

Bibi harusi!

Mtoto wa watu, aliyewekwa ndani siku saba, alikuwa ametoka alfajiri akajitanda kanga akaketi uani kukamua nazi za harusi yake mwenyewe. Tui likamlainisha kidole, pete ikachomoka, na yeye hana habari.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipompenda Sada. Neno lilikuwa mdomoni. Angelisema, angekuwa huru papo hapo, na machicha yangekuwa juani kabla ya saa nne. Lakini angelisema mbele ya watu wale, Zuhura angechekwa mpaka na wajukuu zake. Mawifi wangefika adhuhuri wakute mtaa mzima unasimulia jinsi bibi harusi alivyoruka ulinzi. Bi Hafsa angeficha uso wapi? Na Bi Amina, somo wa nusu ya wanawake wa Kivinje, angeitwa nani tena?

Sada akachota machicha kiganja kimoja.

"Namtaka Bi Amina," akasema. "Peke yake."

Bi Amina akatoka chumbani, mkono mmoja kiunoni, anavuta miguu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema haraka, nina bibi harusi anayelia ndani."

Sada akainua kiganja cha machicha mpaka karibu na pua yake, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, hina ya mwanetu imeshika vizuri?"

Bi Amina akatazama machicha. Akatazama tena. Uso wake ukabadilika. Akarudi ndani, na mlango ukafungwa. Aliporudi alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima.

"Viganja vyote vimefifia," akanong'ona. "Anasema alichoka kukaa ndani. Alitoka kidogo wakati mimi nipo kwenye sala."

"Sala, bibi?"

"Sala na usingizi kidogo. Umewaambia?"

"Sijamwambia mtu."

Bibi yule akamtazama Sada, na machozi yakamlengalenga. Kisha akageuka, akapandisha kanga yake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Acheni kumwonea mtoto wa watu! Pete niliivaa mimi! Niliomba kuijaribu, nikaisahau kidoleni, nikaja nayo hapa alfajiri kukamua nazi, nimejitanda kanga. Uzee huu, nisameheni."

"Wewe?" Bi Hafsa akashangaa. "Kwa kidole hicho?"

"Kidole hiki kina nini?"

"Kimevimba, Bi Amina! Pete ya Zuhura inaingiaje hapo?"

"Nipe!"

Na kabla mtu hajamzuia, bibi akaichukua pete, akafumba macho, akaisukuma. Ikagoma kwenye fundo la kidole. Akasukuma tena, akauma meno. Ikapita.

"Haya! Mmeona?"

Wameona. Mzee Bakary akaandika kitu kwenye daftari lake. Bi Hafsa akanyoosha mkono arudishiwe pete.

Bi Amina akavuta. Pete haikutoka. Akavuta tena. Kidole kikaanza kuwa chekundu.

"Bi Amina, usinitanie."

"Nakutania saa ngapi? Vuta wewe!"

Bi Hafsa akavuta. Mwenye mwiko akavuta. Wakaleta sabuni ya kufulia, ikashindwa. Wakaleta uzi, ukakatika. Simu ya Bi Hafsa ikalia, akaipokea, akageuka rangi.

"Mawifi wametoka Masoko. Wanasema hawangoji adhuhuri, wanakuja kumwona bibi harusi sasa hivi. Kitu cha kwanza watakachotazama ni kidole!"

"Kikateni!" akalia Bi Amina. "Kikateni tu, nimeishi nacho vya kutosha!"

Sada akasimama.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa ya kugusa kidhibiti."

"Gusa!" akasema Mzee Bakary. "Gusa chote!"

Sada hakugusa la bluu. Alichukua machicha ya beseni la kijani, yale yaliyokamuliwa kivivu, akayabana ngumi mbili juu ya kidole cha bibi. Mafuta yakachuruzika meupe. Akakifunika kidole kwa machicha, akasugua polepole, akizungusha pete huku anamsimulia bibi habari za chatu wake ili asahau maumivu. Bibi alipocheka, pete ikateleza ikadondoka mkekani.

Vigelegele vilivyopigwa pale, wapita njia walidhani ndoa imeshafungwa.

Lakini mwenye mwiko ni mtu wa maswali. "Ngojeni," akasema. "Kama pete imetoka kwa shida zote hizi, alfajiri ilitokaje yenyewe?"

Sada akainama haraka kuiokota pete mkekani.

"Mwiko wako huo ungeutumia kupika!" Bi Amina akamjibu. "Ilitoka kwa machicha! Hujaona sasa hivi machicha yanavyotoa pete?"

Mwenye mwiko akarudi jikoni na mwiko wake. Jambo likaisha hapo.

"Chukua machicha yako," Bi Hafsa akamwambia Sada, bila kumtazama usoni. Hakuomba radhi. Wengine radhi inawakaa kooni kama mwiba wa samaki, inataka muda.

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Lukas alipakia mabeseni sita kabla sijamaliza kuandika sentensi hii, na guta likaondoka likiruka mashimo.

Uwanja wa Sada upo nyuma ya jengo moja la zamani la Wajerumani lililobaki kuta tu, na kuta zile zinazuia vumbi la barabara. Walianza kuanika wakiwa wanakimbia. Beseni la kijani, jeupe, jekundu. Machicha yalitandazwa membamba kwenye wavu, jua likayapokea. Ilipofika saa sita kamili yalibaki ya beseni la bluu tu. Sada akainama akanusa vichanja vyote. Nazi tupu. Akakaa chini akacheka peke yake kwa raha.

"Lukas, kuna kitu sikielewi," akasema, akiyatandaza yale ya bluu. "Tazama yalivyokauka. Mkono wa Zuhura ni mwembamba kama uzi wa cherehani. Hawezi kukamua hivi."

"Labda alikuwa na hasira."

"Hasira haikamui nazi hamsini."

Kitu kikagonga wavu. Ting!

Lukas akakiokota, akakipangusa kwenye suruali. Ilikuwa pete. Ya fedha, nzito, yenye kito chekundu cha akiki. Akaijaribu kwenye kidole gumba, ikaingia na nafasi ikabaki.

"Dada," akasema polepole, "hii si ya mwanamke."

Sada aliijua. Kivinje nzima inaijua. Ni akiki ya marehemu babu yake Abdulatifu, na Abdulatifu ndiye bwana harusi.

Yule mrefu. Yule aliyejitanda kanga gubigubi, asiyesema neno!

Kabla hajapumua, kanzu nyeupe ikatokea kwenye upenyo wa ukuta. Abdulatifu mwenyewe, jasho linamtoka, mkono wa kulia umefichwa mfukoni.

"Dada Sada, pole na kazi. Samahani. Eti, la bluu umeshaanika?"

Sada akamwonyesha pete. Bwana harusi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.

"Usimwambie mtu, nakuomba. Siku saba hatujaonana. Alinitumia ujumbe kwamba bibi akisali anapitiwa na usingizi. Nikachukua kanga ya dada yangu."

"Abdulatifu! Si mngeonana leo alasiri?"

"Leo alasiri tutaonana mbele ya watu mia nne, dada. Sisi tulitaka beseni moja tu katikati." Akajinyoosha, akaguna. "Nimekamua nazi hamsini. Mgongo wote unauma. Sijui nitakaaje kwenye kiti cha harusi."

Lukas alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sada naye akacheka, na moyoni akaona vizuri: watu wanaooana kwa namna ile wataishi. Akanyoosha mkono ampe pete yake aende zake.

Honi ikalia nje.

"Hodi! Hodi hapa! Sada, mwanangu, mgeni wako alipotea, nimekuja naye mwenyewe!"

Ilikuwa sauti ya Bi Hafsa.

Bwana harusi hakuuliza njia. Alilala chini, akajiviringisha, akaingia chini ya kichanja cha mwisho, na Lukas akamwangushia gunia juu. Sada akaufumba mkono. Najua, najua. Mazoea mabaya.

Bi Hafsa akaingia, sahani ya wali imefunikwa kawa mkononi, na nyuma yake mwanamke mnene mchangamfu aliyevaa miwani ya jua.

"Huyu ndiye Sada wetu," Bi Hafsa akamwambia mgeni. "Mimi nipo naye tangu alipoanza."

Nimeandika alivyosema. Sikuongeza kitu. Lakini alipoweka sahani chini akamshika Sada bega, akasema taratibu, "Mawifi wameiona pete, wameridhika. Asubuhi nilikukosea. Kuanzia leo harusi yoyote ya mtaa huu, machicha yake ni yako. Nimeshawaambia." Na machozi yakamtoka Sada mbele ya watu, akayafuta kwa mkono usio na pete.

Monika alikuwa hana habari na machozi. Alikuwa ameinama juu ya kichanja cha kwanza, ananusa. Akanusa cha pili. Akachota kidogo akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hakuna uchachu hata kidogo," akasema. "Vizuri sana." Akafika kichanja cha mwisho. Akachota, akabana, akabana tena, akavua miwani. "Haya ndiyo! Haya hayana maji kabisa. Yatakauka kabla ya alasiri. Sikiliza, Sada. Nikipata yaliyokamuliwa hivi, unga wako wote nauchukua, kila wiki. Nani ameyakamua haya?"

"Haya..." Sada akasema.

"La bluu hilo," akajibu Bi Hafsa kwa furaha, akionyesha beseni tupu lililo kando. "Alikamua somo wetu, Bi Amina!" Halafu furaha ikapungua. Akatazama machicha. Akachukua kidogo, akayabana mwenyewe. "Bi Amina? Mwenye vidole vile? Bi Amina siku hizi hawezi kukamua hata limau."

Lukas akaanza kupiga mluzi, akaacha.

Bi Hafsa akageuka taratibu. Macho yake yakashuka kutoka usoni kwa Sada mpaka begani, mpaka kiwikoni, mpaka kwenye ngumi.

"Sada. Umefumba nini?"

"Bi Hafsa, ngoja kwanza nikueleze..."

"Fumbua mkono."

Asubuhi aliufumba, ikamponza. Safari hii Sada akavuta pumzi, akaufumbua. Akiki ikang'aa juani, nyekundu, na Bi Hafsa akaitambua kabla hajaisogelea.

Chini ya kichanja cha mwisho, mtu akapiga chafya.